Kazi Tatu na Kiangazi Kimoja

Wazee wetu wa pwani walikuwa na desturi moja njema. Kaskazi ilipotulia na mvua kukatika, kila mwenye nyumba alipanda juu kutazama makuti yake, na kila mwenye chombo alikitia kalafati na kukipaka sifa. Kazi iliyoanzwa ilimalizwa kabla masika hayajabisha hodi. Aliyechelewa alilala chini ya mvungu na watoto wake, na majirani walijua sababu.

Mimi nimehamia bara miaka mingi sasa, ninakaa Riruta, magharibi ya jiji la Nairobi, si mbali na barabara ya Naivasha. Huku hakuna makuti wala ngalawa, lakini kiangazi kipo. Januari na Februari jua la Nairobi huwaka, udongo mwekundu hugeuka vumbi, na kila pembe husikii ila misumeno na nyundo. Nami kiangazi kilichopita nilijitosa. Nilianza kazi tatu kwa mpigo, na kila moja niliianza kwa Bismillahi.

Kazi ya kwanza ilikuwa chumba cha mama. Mama yangu ana umri wa miaka sabini na minane, na dada aliyekuwa akikaa naye Mombasa alikuwa karibu kuhama. Tukakubaliana aje kwangu kabla ya masika. Chumba kilikuwa kimesimama kuta tu. Kilitaka paa, madirisha, mlango na kitanda.

Kazi ya pili ilikuwa gari. Ninayo pikapu aina ya Peugeot 504, ile gari iliyojaa katika barabara zetu zamani na ambayo ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975. Giaboksi yake ilikuwa imekufa.

Kazi ya tatu ilikuwa banda la mpwa wangu. Kijana amesoma ufundi wa kuchomelea vyuma, nami nilimwahidi, mbele ya mama yake, kwamba nitamwezekea banda la mabati huko Kawangware, nimtilie umeme na kumnunulia mashine.

Karatasini hesabu yangu ilipendeza mno. Gari ingebeba mbao na mabati. Banda lingetengeneza madirisha ya chumba kwa bei ya ndugu. Fedha zitakazobaki kwenye madirisha zingemalizia gari. Ewe msomaji, uliza nini kilitokea! Gari ilingoja fedha za madirisha, madirisha yalingoja banda, banda lilingoja gari ibebe mabati, na mimi nilikuwa katikati nikizunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta.

Mitaa ya mafundi

Kabla sijaeleza masaibu yangu, ni haki niwataje mafundi wenyewe, maana wengi wetu huwatukana bila kujua walikotoka. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na karakana zake za kwanza zilikuwa za reli hiyo. Mafundi wengi walitoka Bara Hindi, na miongoni mwao Masingasinga, ambao watu wetu waliwaita pia kwa jina la kalasinga. Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965 na tena 1974 na 1976, alikulia katika gereji ya baba yake. Vijana wa Kiafrika waliingia gereji hizo kama wasaidizi wa kushika spana. Walitazama, wakajua, wakatoka na kufungua kazi zao chini ya miti na kando ya barabara. Mtaalamu Kenneth King aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo ya ujuzi, kilichotoka mwaka 1977.

Jua liliwachoma, wakaitwa jua kali. Mwaka 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa ripoti mashuhuri juu ya Kenya, ikaiambia dunia kwamba watu hawa si wazururaji, ni wafanyakazi. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, akawaona wakipiga mabati juani, na mabanda yakajengwa. Hesabu za Serikali za mwaka 2023 zilionyesha kuwa kati ya wafanyakazi wapatao milioni 20 nchini, zaidi ya milioni 16 walikuwa katika kazi za namna hii. Kwa hiyo unapomgombeza fundi, unaigombeza nchi.

Katikati ya jiji mtaa wao ni barabara ya Kirinyaga, iliyokuwa ikiitwa Grogan Road wakati wa ukoloni. Pande zote mbili ni maduka ya vipuri, na mbele ya maduka makanika wamelala chini ya magari, miguu njiani. Hapo ndipo nilipoiacha Peugeot yangu. Kanika alinitazama, akaitikisa gia mara mbili, akasema, "Mzee wa Mombasa, hii ni siku tatu." Nikamlipa nusu. Siku tatu zikawa wiki tatu. Kila nilipokwenda niliambiwa kifaa kimoja bado, na kila kifaa kilikuwa na bei yake. Nilikuwa nikitoka pale na kwenda kusali adhuhuri Msikiti wa Jamia, na nakiri kuwa hata katika sijida nilikuwa nikihesabu bei ya klachi.

Fedha za klachi nilizitoa wapi? Nilizitoa kwenye bahasha ya mlango wa mama.

Daftari la seremala

Ukishika barabara ya Ngong kuelekea Dagoretti Corner utawaona maseremala wa kando ya njia, makochi na vitanda vimepangwa hadharani. Barabara ile ilipopanuliwa katika miaka ya 2010 wengi wao walisogezwa, lakini hawakuiacha kazi. Mmoja wao nilimwagizia mlango na kitanda, jumla shilingi 32,000. Nilimpa arbuni ya 15,000, tukaagana wiki mbili.

Wiki ya tano nilimwendea na maneno yangu nimeyanoa. Nikasimama mbele ya vijana wake, nikamwambia kwamba kwetu muungwana ni ahadi yake, na kwamba mwongo hafai kushika randa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akapangusa mikono, akafungua daftari la shule lililochakaa, akanionyesha.

"Mzee, wacha nikwambie ukweli," alisema. "Pesa yako ilinunua mbao za huyu hapa. Huyu hapa alikuwa amelipa nusu, na nusu yake ilinunua mbao za yule. Yule alichukua kabati yake, akasema atamalizia mwisho wa mwezi. Huu ni mwezi wa tatu. Mimi benki hainijui. Wateja ndio benki yangu. Ukiniletea ile 17,000, mlango unatoka Ijumaa."

Nikanyamaza. Maana ile 17,000 ilikuwa imekwisha kuwa klachi.

Ndipo nilipoona kwamba daftari lake na bahasha zangu zilikuwa kitu kimoja. Yeye alichukua cha huyu akampa yule; mimi nilichukua cha mlango nikalipa gari. Yeye aliniambia kesho. Mimi kila Jumapili nilimwambia mpwa wangu wiki ijayo. Tofauti yetu ilikuwa moja tu: yeye aliandika madeni yake, mimi sikuandika.

Somo la chuoni

Usiku ule nilimkumbuka mwalimu wangu wa chuo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baada ya kuhitimu juzuu alitusomesha mlango wa biashara, nasi watoto tulisinzia, tukidhani hayo ni mambo ya wazee wenye maduka. Alitufundisha bei ya salamu, yaani kununua leo kitu kitakachotolewa baadaye. Alihesabu masharti yake kwa vidole: kitu kielezwe sifa na kipimo chake, siku ya kukitoa ijulikane, na thamani yote ilipwe pale pale kwenye kikao. Wanavyuoni wa Kihanafi waliruhusu pia istisnai, ambapo fundi huagizwa kutengeneza kitu na malipo yake yaweza kucheleweshwa. Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafi, agizo kama hilo hupimwa kwa kipimo cha salamu.

Utotoni niliona sharti la kulipa yote mapema kuwa zito, tena la kumpendelea muuzaji. Sasa, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, nilifahamu hekima yake. Anayetengeneza hana mtaji. Ukimpa nusu, umemlazimisha akatafute nusu ya pili kwa mwenzako, na mwenzako naye atacheleweshwa. Ahadi yako pungufu huzaa ahadi pungufu nyingine, mpaka barabara nzima inadaiana.

Pwani tulikuwa na dawa nyingine. Utotoni mwangu mtu akitaka mlango alikwenda mwenyewe kununua mbao, akamletea fundi, na fundi akaleta mikono na ujuzi wake. Mbao zikiwa zako, hakuna wa kuzigeuza kitanda cha jirani.

Asubuhi nilikaa na mke wangu, tukaandika kila tulichoahidi na kila tulichokuwa nacho. Fedha zilitosha kazi moja na robo. Mke wangu hakusema mengi. Alisema, "Gari haina mama."

Basi nilikwenda Kirinyaga, nikamwambia kanika asimamishe. Nikamlipa jasho lake la mpaka siku ile, nikalipia gari ya kuvuta, na Peugeot ikaletwa nyumbani ikawekwa juu ya mawe. Mabati niliyonunua kwa ajili ya banda niliyatumia kuezekea chumba. Kwa fedha zilizobaki nilinunua mbao za saiprasi mwenyewe, nikazifikisha barabara ya Ngong kwa mkokoteni, na seremala nikamwekea ujira wa mikono yake wote mezani. Ilikuwa Jumanne. Ijumaa, baada ya sala, mlango ulifika Riruta, na kitanda Jumapili. Mtu yule niliyemwita mwongo alileta bawaba za ziada bila kunitoza.

Kulikobaki ni kumwambia mpwa wangu, na hili sitalipamba. Kijana alikuwa amepata oda ya madawati ya shule moja kwa kutegemea banda langu. Nilipomwambia mabati yamekwenda, aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, mjomba." Oda ikamponyoka, akaenda kuwa msaidizi katika banda la mtu mwingine kule Kawangware. Dada yangu hakunigombeza, na ningependa afadhali angenigombeza. Mama alipata mlango, lakini aliyeulipia kwa kweli ni kijana yule.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa nne baada ya mama kufika. Ilipiga mabati kwa kishindo, nami nikaamka na tochi kwenda kutazama kama pavuja. Nilimkuta yu macho, ameshika tasbihi, akisikiliza. Akaniuliza, "Mabati haya si ya yule mtoto?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Basi hujamaliza, mwanangu. Umeanza kumlipa lini?"

Tangu siku hiyo nina bahasha moja tu, na juu yake pana jina la mpwa wangu. Kila mwezi ninatia, na sijaichota hata kwa mafuta ya taa. Ili nisisahau nimebandika ukutani ubeti niliojitungia, na kwa kuwa wasomaji wangu ni watu wa tungo, nauweka hapa:

Mtaka mengi hakika, hata moja halijiri,
Ulimi ukitamka, deni hilo si la siri,
Paa linapofunika, ndipo uwashe na gari,
Moja kwanza likifika, la pili litasubiri.

Kaskazi nyingine itakuja, Inshallah. Wewe uliye na nyumba nusu, gari nusu na ahadi nzima, kaa na wa nyumbani kwako uandike. Tazama ni nani anayengoja katika kila kazi, kisha anza na yule ambaye mvua itamkuta nje. Na fundi wako, ukiweza, mlipe yote au mletee mbao.

Ama Peugeot yangu, ingali juu ya mawe. Kuku wametagia chini yake, na mama ndiye anayeokota mayai.