Michezo ya Video Safarini: Kioo Kikae Wapi?

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 480, lakini mwenye watoto watatu katika kiti cha nyuma ana hesabu yake nyingine: ataulizwa mara ngapi kama wamefika. Zamani walitulizwa kwa vitendawili. Siku hizi baba hufunga kioo kidogo cha televisheni nyuma ya kiti cha mbele, akakiunganisha na mtambo wa michezo ya video, na kabla ya Mazeras kelele zote zimekoma.

Jambo hili si geni kama linavyodhaniwa. Mwaka 2000 kampuni ya Sony ilitoa PS one, mtambo mdogo wa kutiwa mkobani, na baadaye ikauuzia kioo chake cha inchi 5 cha kubandikwa juu. Betri haukuwa nayo. Ulitaka umeme kutoka nje, na ndani ya gari umeme huo ni wa tundu la kuwashia sigara. Nintendo Switch ya mwaka 2017 ilikuja na kioo chake na betri yake, ikawapunguzia wazazi adha ya kebo.

Tatizo ni kwa wale wanaotaka kuubeba mtambo mkubwa wa nyumbani. Betri ya gari ni volti 12, na mtambo ule wataka umeme kama wa ukutani, basi hapana budi kupitia inveta. PlayStation 5, mchezo ukiwa mzito, hula wati 200 hivi. Gawa kwa 12: ni karibu ampea 17, na hapo hujahesabu kinachopotea ndani ya inveta yenyewe. Fyuzi ya tundu la sigara aghalabu ni ya ampea 10 hadi 20. Ya 10 itakatika mara moja, na hiyo ndiyo salama yako. Hatari ni yule fundi atakayekwambia uweke fyuzi kubwa zaidi, ilhali waya ni ule ule mwembamba. Waya ukishika moto ndani ya dashibodi, fyuzi haina tena la kukusaidia. Na ukisimama Mtito Andei kula, ukazima injini na kuwaachia watoto wacheze, usistaajabu kurudi baada ya saa moja au mbili ukakuta gari haliwaki.

Kisha kuna kichefuchefu. Sikio la ndani lahisi gari likipinda na kuruka, na macho yameganda kwenye kioo yakisema hapana kinachotikisika. Akili ikipata habari mbili zinazopingana, tumbo ndilo hulipa. Aliyewahi kupanda jahazi alijua hili kabla ya madaktari: abiria aliyeinamia chini hutapika, na mabaharia humwambia aje juu atazame upeo wa bahari. Kwa hiyo kioo kifungwe juu, usawa wa macho, mtoto apate kuona na barabara. Kukipakata mapajani ndiko kubaya kabisa.

Ama dereva, hilo halina mjadala. Marekani, mwezi wa Desemba 2021, wakuu wa usalama barabarani walianza kuchunguza magari ya Tesla yapatayo 580,000, kwa kuwa kioo chake cha mbele kiliruhusu michezo gari likiwa mwendoni. Ati ni ya abiria! Kioo kiko mbele ya wote wawili, na jicho la mtu huvutwa na kinachometameta. Haikupita hata siku chache, kampuni ikakubali kuifunga michezo hiyo gari linapokwenda.

La mwisho ni uzito. PlayStation 5 ya kwanza ilikuwa na kilo 4.5. Ukiiweka kitini bila kuifunga, kisha ng'ombe wakatokea barabarani karibu na Samburu ukakanyaga breki, kitu hicho kitaendelea na safari peke yake, na mbele yake ni kisogo chako. Ifunge kwa mkanda kama unavyomfunga mtoto, au iache nyumbani.