Bajeti Inapopungua: Jinsi Mzigo Unavyohamia kwa Familia Zinazolea Watoto Wenye Ulemavu

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kila mwaka, kati ya Aprili na Juni, Bunge hukutana jijini Dodoma kujadili na kupitisha bajeti ya Serikali. Wananchi wengi husubiri hotuba ya Waziri wa Fedha ya mwezi Juni ili kujua yatakayobadilika katika kodi, bei ya mafuta na mishahara. Zipo, hata hivyo, kaya ambazo jambo linalozigusa zaidi halisomwi katika hotuba hiyo. Limo ndani ya vifungu vidogo vya vitabu vya bajeti: mafuta ya gari la Afisa Ustawi wa Jamii, chakula cha wanafunzi wa bweni, karatasi za nukta nundu, safari ya mtaalamu wa tiba ya mazoezi kwenda kituo cha afya cha kata. Hizo ni kaya zinazolea watoto wenye ulemavu.

Makala haya yanaeleza kinachotokea katika kaya hizo pale fedha za umma zinapopungua, zinapochelewa au zinaposimamishwa kwa muda, na njia ambazo sheria za nchi zimewawekea wazazi na walezi.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu, ikilinganishwa na asilimia 9.3 mwaka 2012. Mkoa wa Dodoma peke yake ulihesabiwa kuwa na watu 3,085,625. Msomaji azingatie maneno "miaka 7 na kuendelea". Mtoto wa miaka miwili mwenye mtindio wa ubongo, au mtoto mchanga aliyezaliwa na mgongo wazi, hayumo katika asilimia hiyo, ingawa umri huo ndio ambao tiba na mazoezi huleta manufaa makubwa zaidi. Halmashauri inayopanga bajeti kwa kutazama takwimu hiyo pekee itakuwa imewaacha nje watoto wanaohitaji huduma mapema kuliko wote.

Upungufu huja kwa sura nyingi

Mara nyingi neno "kupunguza matumizi" hueleweka kuwa ni uamuzi mmoja unaotangazwa hadharani. Hali halisi haiko hivyo. Wizara na halmashauri hupangiwa ukomo wa bajeti, na ukomo ukishuka ni lazima baadhi ya vifungu vipunguzwe. Wakati mwingine kifungu hupitishwa kikamilifu lakini fedha zake hutolewa pungufu, au hufika mwishoni mwa mwaka wa fedha. Kwa mhasibu, fedha iliyofika Mei bado ni fedha ya mwaka huo. Kwa mtoto aliyepaswa kupata kitimwendo Agosti, ni karibu mwaka mzima wa kukaa sakafuni.

Sura nyingine ni kupungua kwa fedha za nje. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya maendeleo kwa nchi za nje, na Februari mwaka huohuo Uingereza ilitangaza kuwa itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato lake la Taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027. Huduma za utengamao nchini zimekuwa zikitegemea kwa kiasi kikubwa taasisi za dini, mashirika yasiyo ya kiserikali na wafadhili wao. Hapa Kanda ya Kati, Shule ya Wasioona Buigiri, wilayani Chamwino, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, kabla ya Uhuru. Jijini Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT, ambayo hupokea watoto kutoka mikoa mingi, nayo imejengwa kwa ushirikiano wa namna hiyo. Msaada unapokatika ghafla, Serikali haiwezi kuziba pengo lote kwa siku moja, na kaya ndiyo inayokuwa ya kwanza kulisikia.

Kiungo kimoja kikikatika

Ugumu wa malezi ya mtoto mwenye ulemavu ni kwamba huduma zake zinategemeana. Tuchukue mfano wa mama mkulima wa uwele na mtama katika kijiji cha Wilaya ya Bahi, mwenye mtoto wa miaka minne asiyeweza kukaa bila kushikwa. Mtoto anahitaji mazoezi ya viungo mara kwa mara, kiti kilichotengenezwa kwa kipimo chake, chakula laini chenye lishe na baadaye shule inayoweza kumpokea. Kifungu cha safari za mtaalamu kikipunguzwa, mazoezi hukoma. Mazoezi yakikoma, misuli hukakamaa, na kiti kilichotolewa mwaka uliopita hakimfai tena. Hivyo fedha iliyokwisha kutumika kununua kiti nayo hupotea, ingawa hakuna kitabu cha hesabu kitakachoonesha hasara hiyo.

Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo penye kiini cha suala lote. Gharama iliyoondolewa katika bajeti haiondoki nchini. Huhamia nyumbani, na hulipwa kwa siku za kazi za mtu mmoja, ambaye mara nyingi ni mama au bibi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia takriban Desemba hadi Aprili. Palizi haisubiri. Mama anayelazimika kusafiri na mtoto mgongoni hadi mjini mara mbili kwa mwezi Januari na Februari, kwa kuwa huduma haifiki tena katani, hupoteza siku zilezile zinazoamua kama kaya itakuwa na chakula hadi mavuno yanayofuata.

Umri nao una mitego yake. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatoa msamaha wa malipo kwa watoto walio chini ya umri wa miaka mitano. Mtoto mwenye ulemavu hufikisha miaka mitano kama wenzake, lakini hali yake haishi siku hiyo. Kuanzia hapo kaya isiyo na bima hutegemea utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo, unaohitaji uthibitisho wa uongozi wa kijiji au mtaa na tathmini ya Afisa Ustawi wa Jamii. Kwa maneno mengine, idara ambayo kaya inaihitaji zaidi baada ya mwaka wa tano ndiyo ile ambayo vifungu vyake vya safari na ajira huonekana vyepesi kupunguzwa.

Katika elimu, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi hukokotolewa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Utaratibu huu umekuwa sehemu muhimu ya Elimu Bila Ada iliyoanza mwaka 2016, na umewafikisha shuleni watoto ambao vinginevyo wasingesoma. Hata hivyo, mwanafunzi asiyeona hutumia karatasi nzito za nukta nundu na mashine ya kuziandikia, na mwanafunzi kiziwi huhitaji mwalimu anayejua Lugha ya Alama. Kiwango kinachohesabiwa kwa kichwa hakiwezi kubeba mahitaji hayo, na ndiyo maana vifaa hivyo hununuliwa kupitia mafungu mengine ya Wizara. Mafungu hayo yakitikisika, mwanafunzi hubaki ameandikishwa lakini hasomi.

Somo kutoka miaka ya marekebisho ya uchumi

Nchi yetu imewahi kupita njia hii. Mwaka 1982, baada ya Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu wa 1981, Bunge lilitunga Sheria ya Matunzo ya Watu Wenye Ulemavu, iliyogawa wajibu wa matunzo kati ya familia, serikali za mitaa na Serikali Kuu. Miaka minne baadaye Tanzania iliingia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na matumizi ya huduma za jamii yakabanwa. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za Serikali, na katika kipindi hicho wazazi walitakiwa pia kulipa ada na michango ya shule za msingi, hadi ada hiyo ilipofutwa kuelekea Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa mwaka 2002.

Sheria ya 1982 haikubadilika katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni nani alikuwa na uwezo wa kutimiza sehemu yake. Kati ya wabebaji watatu wa mzigo, wawili walipungukiwa fedha, na wa tatu akabaki nao. Kaya yenye ada ya mtoto mmoja tu ilipaswa kuchagua, na haihitaji utafiti kujua ni mtoto yupi aliyekuwa katika hatari ya kubakizwa nyumbani.

Mikopo ya asilimia 10

Mfano wa karibu zaidi ni mikopo ya halmashauri. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa, kufuatia kasoro zilizobainishwa katika ukaguzi, vikiwemo vikundi hewa na marejesho hafifu. Mwaka uliofuata Serikali ilitangaza kuwa ingerejea kuanzia Julai 2024, ikiwa na shilingi bilioni 227.96 kwa ajili hiyo, na kwamba halmashauri 10 za majaribio zingetumia benki. Jiji la Dodoma ni mojawapo.

Usimamishaji ule ulikuwa na sababu. Fedha ya umma inayokwenda kwa kikundi kisichokuwepo haimsaidii mtu yeyote. Ila vikundi halali navyo vilisubiri zaidi ya mwaka, na kwa mama anayeuza karanga au kushona nguo akiwa nyumbani kwa sababu hawezi kumwacha mtoto, mtaji mdogo wa namna hiyo ndio ajira pekee inayowezekana.

Wazazi wafahamu mambo mawili kuhusu mikopo hii. La kwanza, fungu la asilimia 2 limewekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wenyewe, na mtoto hawezi kuingia mkataba wa mkopo. Mzazi asiye na ulemavu huomba kupitia fungu la wanawake au la vijana, akiwa katika kikundi kilichosajiliwa. La pili, asilimia ni sehemu ya kile kilichokusanywa. Jiji lenye biashara, viwanja na minada lina asilimia 2 kubwa. Halmashauri ya vijijini yenye makusanyo madogo ina asilimia 2 ndogo. Watoto wawili wenye hali moja, mmoja Jijini na mwingine Chemba, wako chini ya sheria moja lakini hawako mbele ya fungu moja.

Hatua ambazo mzazi anaweza kuchukua

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 imeunda kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa hadi mkoa, na inataka kumbukumbu za watu wenye ulemavu zitunzwe katika ngazi ya chini. Hatua ya kwanza, na pengine ndiyo inayopuuzwa zaidi kwa hofu ya macho ya watu, ni kumwandikisha mtoto katika ofisi ya kijiji au mtaa. Ukomo wa bajeti unaposhuka, mahitaji yenye majina na idadi hutetewa. Yasiyoandikwa hayana mtetezi mezani.

Kaya yenye hali duni ya kipato iulize pia kuhusu Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoratibiwa na TASAF, na ifuatilie utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, ambayo imeweka mfuko wa kugharamia wasio na uwezo kutokana na vyanzo vya kodi na tozo za ndani. Chanzo cha ndani kina faida moja dhahiri: hakiwezi kufungwa kwa amri iliyotiwa saini katika nchi nyingine.

Mzazi anayehudhuria mkutano wa kijiji anayo haki ya kuuliza ni kiasi gani kilitengwa kwa vifaa saidizi, ni kiasi gani kilipokelewa na kilitumikaje. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini halmashauri hukusanya vipaumbele vya vijiji na kuandaa makadirio yake miezi mingi kabla ya tarehe hiyo. Kwa hiyo hoja ipelekwe mapema, kabla ya Baraza la Madiwani kupitisha makadirio. Ikifika baadaye, kwa kawaida husubiri bajeti ya mwaka unaofuata.