Bomba la Asbestosi Lisifukuliwe kwa Hofu

Swali ni lile lile kila mara: je, maji ya bomba la asbestosi yataniletea saratani? Muulizaji huwa tayari ana tiba mbili mkononi: tuchemshe maji, na serikali ifukue mabomba yote. Ya kwanza haistahili mjadala mrefu. Nyuzi za asbestosi ni madini. Moto wa jikoni hauziunguzi, na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke, zilizobaki sufuriani huzidi kwa kila lita. Chemsha kwa ajili ya vijidudu.

Tiba ya pili ina sura ya busara, ndiyo maana madhara yake ni makubwa zaidi. Asbestosi huua hasa kwa kuvutwa na pumzi. Kuhusu kuinywa, Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi thabiti wa kuliwezesha kuweka kiwango cha ukomo. Marekani iliweka nyuzi milioni 7 kwa lita, zile zenye urefu unaozidi mikromita 10. Mwaka 1985, huko Woodstock katika jimbo la New York, mabomba yalimomonyoka hata nyuzi zikaziba vichwa vya bafu, na vipimo vingine vilipita milioni 300 kwa lita. Waliofuatilia afya ya wakazi hawakuona ongezeko la jumla la saratani. Mtu atanijibu kwa utafiti wa walinzi wa minara ya taa nchini Norway, waliokunywa maji ya mvua yaliyopita juu ya mapaa ya asbestosi, na saratani ya tumbo ikaonekana kuzidi. Ni hoja halali, na kwa sababu hiyo sisemi bomba linalomwaga nyuzi liachwe. Lakini kulikata kwa grinda mtaroni ni kuigeuza hatari yenye shaka kuwa hatari isiyo na shaka, na wa kwanza kuivuta ni kibarua asiye na barakoa.

La kuuliza ni hali ya ukuta wa bomba. Sehemu kubwa yake ni saruji, na maji laini yenye asidi huila chokaa yake mpaka ikalegea na kuziachia nyuzi. Kata kipande kikiwa kimelowa, kidondoshee fenolfthalini: saruji nzima hugeuka waridi, iliyochoka haibadiliki rangi. Dakika chache tu, na bado miradi hupangwa bila kipimo hicho.

Matokeo yakishapatikana, chagua. Kwanza rekebisha asidi ya maji. Ukuta ukiwa bado imara, nyunyizia utando wa ndani. Ukiwa umedhoofika, ingiza soksi ya kitambaa iliyoloweshwa resini iliyoidhinishwa kwa maji ya kunywa, igandishwe kwa mvuke au maji moto, kisha roboti ifungue upya maungio ya nyumba. Bomba la polithini likipitishwa ndani ni nafuu, ila hupunguza kipenyo. Usafishaji ufanywe taratibu na tope likusanywe. Kulipasua bomba ardhini huacha vipande vya asbestosi udongoni. Likiwa limeoza kabisa, laza jipya pembeni, la zamani libaki lilipo. Mkikutana na mamlaka ya maji, waulizeni kipande cha bomba lenu kilipimwa lini, na saruji nzima imebaki milimita ngapi.