Je, Wajua? Psion Organiser, Daftari la Umeme Lililotangulia Simu Janja

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa muda mrefu daftari hilo lilikuwa la karatasi: linalowa, linachanika, na likisahaulika kwenye basi, kazi ya miaka imekwenda nalo. Mwaka 1984 kampuni changa ya London ilileta sokoni daftari la aina nyingine. Kilikuwa kisanduku kigumu cha plastiki, uzito wake haukufika robo kilo, na kiliishi kwa betri moja ya volti 9. Ndani yake kilibeba majina, namba za simu na hesabu za watu ambao kazi yao haikai mezani: mwuza bidhaa anayezunguka mitaani, mhandisi aliye eneo la ujenzi, mkaguzi anayehesabu mali boharini.

Kiliitwa Psion Organiser. Wengi wetu hatukukitia machoni, lakini wajukuu wake tumewashika mikononi bila kujua. Haya ndiyo mambo yake yanayostahili kujulikana.

1. Herufi mbili ziliongezwa ili jina lipatikane

Mwanzilishi wa Psion ni David Potter, mzaliwa wa Afrika Kusini katika mji wa bandari wa East London. Alikwenda Uingereza na kuwa mhadhiri wa fizikia Imperial College, kisha mwaka 1980 akafungua kampuni yake. Alitaka iitwe PSI, kifupisho cha Potter Scientific Instruments. Jina hilo lilikuwa na mwenyewe, hivyo zikaongezwa herufi mbili, O na N, ikawa Psion. Kabla ya kutengeneza kifaa chochote, kampuni hiyo ilijipatia jina kwa kuandika programu na michezo ya kompyuta za nyumbani za Sinclair, ukiwamo mchezo wa kurusha ndege. Kwa hiyo watu wake walishazoea kubana kazi kubwa ndani ya kumbukumbu ndogo.

2. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ingetosha meseji 14 tu

Organiser ya kwanza ilikuwa na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Meseji moja ya kawaida ya herufi 160 huchukua baiti 140. Ukigawanya, unapata meseji 14 na nafasi kidogo ya kubaki. Simu ya leo yenye gigabaiti 4 ina kumbukumbu ya aina hiyo mara zaidi ya milioni 2.

Kioo chake kilionyesha mstari mmoja wenye nafasi 16. Ukiandika jina kama Mwanaisha Abdallah, herufi mbili za mwisho zinabaki nje, na ili uzione inakubidi usogeze maandishi pembeni. Lakini mtu anayetafuta namba ya mteja huku amesimama mlangoni pa duka hahitaji ukurasa mzima. Anahitaji mstari mmoja tu, na anauhitaji sasa hivi.

3. Siri ya kifaa haikukaa ndani ya kifaa

Kwa kuwa kilobaiti 2 hazikutosha kuhifadhia kitu, mgongoni mwa Organiser palikuwa na matundu mawili ya kuchomekea vikasha vidogo vilivyoitwa Datapak. Kila kikasha kilikuwa na kilobaiti 8 au 16. Tuseme jina la mtu, namba yake na mtaa wake ni herufi 60: kikasha cha kilobaiti 8 kingebeba watu wapatao 130. Makala haya unayoyasoma yasingeenea humo.

Uzuri wa kikasha hicho ulikuwa mwingine. Kilichoandikwa ndani yake hakikutegemea betri. Betri ikiisha, kifaa kikizimika, hata ukikichomoa kikasha na kukitia mfukoni, maandishi yalibaki. Mwenye kifaa kilichoharibika alichukua kikasha chake, akakichomeka kwenye Organiser nyingine, akaendelea na kazi. Vifaa vingi vya kumbukumbu vya miaka iliyofuata havikuwa hivyo: betri zilipokufa, vilisahau kila kitu.

4. Ulichokifuta hakikuondoka

Hili huwashangaza watu kuliko yote. Vikasha vya Datapak vilitumia chipu za aina ya EPROM, ambazo huandikwa kwa umeme lakini hazifutiki kwa umeme. Mtumiaji akifuta namba ya mteja wa zamani, Organiser ilitia alama tu kwamba maandishi hayo yasionyeshwe tena. Nafasi yake haikurudi. Ni sawasawa na kukata mstari kwa kalamu ya wino kwenye daftari: neno halihesabiki tena, lakini ukurasa haurudi kuwa mweupe.

Kikasha kilipojaa, dawa yake ilikuwa mwanga. Kilipelekwa chini ya taa maalumu ya urujuanimno, ule mwanga usioonekana kwa macho ambao kwenye miale ya jua ndio unaounguza ngozi. Baada ya dakika kadhaa chini ya taa hiyo, chipu ilioshwa ikawa tupu. Hapakuwa na kuchagua: kilichotakiwa na kisichotakiwa vilikwenda pamoja. Kwa hiyo mwenye busara alinakili kwanza maandishi yake kwenye kikasha kingine, ndipo akaiendea taa.

5. Vitufe vyake vilifuata A, B, C

Kompyuta za wakati ule zilikuwa na kibodi iliyorithiwa kutoka kwenye taipureta, yenye mpangilio unaoanza na Q, W, E. Organiser haikuufuata. Vitufe vyake 36 vilipangwa kwa mfuatano wa alfabeti, A hadi Z, kama mtoto anavyofundishwa shuleni. Miaka hiyo kuchapa kulikuwa ujuzi wa makatibu muhtasi, na mkuu wa mauzo au fundi mkuu angeweza kustaafu bila kugusa taipureta. Alfabeti, hata hivyo, kila mtu aliijua. Kifaa kilimfuata mtumiaji alipo badala ya kumwita aje kujifunza upya.

6. Neno la kwanza kwenye orodha lilikuwa "tafuta"

Ulipowasha Organiser II, ndugu yake aliyetoka mwaka 1986, orodha ya kazi ilianza na amri ya kutafuta, ndipo ikafuata amri ya kuhifadhi. Ungeweza kuichagua kazi kwa kubonyeza herufi yake ya kwanza tu.

Namna ya kutafuta ilikuwa ya maana zaidi. Hukulazimika kukumbuka jina kamili. Uliandika kipande chochote cha yale uliyohifadhi, nacho kifaa kilipita ndani ya kumbukumbu na kukuletea kila andiko lenye kipande hicho. Umesahau jina la fundi lakini unakumbuka mtaa wake? Andika mtaa. Unakumbuka kazi yake tu? Andika kazi. Waliotengeneza kifaa hicho walifahamu kwamba ugumu wa kumbukumbu haumo katika kuweka. Umo katika kukumbuka uliweka wapi.

7. Mwenye kifaa aliweza kukifundisha kazi yake

Organiser II ilikuwa na mistari miwili ya maandishi badala ya mmoja, shajara ya miadi, saa na kengele ya kukumbusha. Juu ya hayo ilikuja na lugha yake ya programu, OPL, iliyo rahisi kiasi kwamba mtu asiye mtaalamu wa kompyuta angeweza kujifunza. Mhandisi aliyechoka kukokotoa kanuni ileile kila siku aliiandika mara moja, kisha akawa anaingiza vipimo tu na kupata jibu.

Kichwani mwa kifaa palikuwa na tundu la tatu. Hapo palichomekwa kisoma msimbo wa mistari kama ule wa kwenye bidhaa za supamaketi, kisoma kadi za sumaku, au waya wa kukiunganisha na printa na kompyuta ya ofisini. Kisanduku kilichoanza kama kitabu cha anwani kikaingia madukani. Kampuni kubwa ya maduka ya Uingereza, Marks & Spencer, ilikitumia katika mauzo yake. Mwaka 1989 ikatoka modeli ya LZ yenye mistari minne, kila mmoja na herufi 20.

8. Kilizaliwa miaka minane kabla ya jina la ukoo wake

Vifaa vya namna hii baadaye viliitwa PDA, kifupisho chenye maana ya msaidizi binafsi wa kidijitali. Jina hilo lilitangazwa mwaka 1992 na John Sculley, mkuu wa Apple wakati huo, alipokuwa akizungumzia kifaa chao kipya, Newton, kilichoingia sokoni mwaka 1993. Magazeti ya teknolojia yalikipokea kama mwanzo wa zama mpya. Lakini Waingereza walikuwa wameshazunguka na Organiser mfukoni tangu 1984, wakiandika, wakitafuta na kukokotoa. Mtoto alikuwa amekwisha kwenda shule, ndipo ukoo ukapewa jina.

9. Mbunifu wa mdogo wake alikuja kupambana na kibatari

Mwaka 1991 Psion ilitoa Series 3, iliyokunjuka kama kipochi cha miwani na kuonyesha kibodi kamili ndani. Mwaka 1997 ikaja Series 5, ambayo kibodi yake iliteleza mbele kila kifuniko kilipofunguliwa, hivyo vitufe vikapata nafasi ya kutosha vidole na kioo kikasimama imara. Bawaba hiyo ya ajabu ilibuniwa na Martin Riddiford wa kampuni ya ubunifu ya Therefore, London.

Riddiford huyohuyo, pamoja na mwenzake Jim Reeves, alibuni taa ya GravityLight. Taa hiyo haina betri wala mafuta. Unajaza mfuko mawe au mchanga, unaupandisha juu, na unaposhuka polepole kwa uzito wake unazungusha jenereta ndogo inayowasha taa kwa dakika zipatazo 20. Ilikusudiwa kuchukua nafasi ya kibatari katika nyumba zisizo na umeme, na mwaka 2015 wabunifu wake walichangisha fedha kwa lengo la kuanzisha uunganishaji wa taa hizo nchini Kenya. Mkono uliotafuta namna ya kuitumia nafasi ya mfukoni bila kuipoteza ndio uliotafuta namna ya kupata mwanga kutoka kwenye mfuko wa mchanga.

10. Huenda umewahi kumiliki mjukuu wake

Mfumo endeshi uliotengenezwa kwa ajili ya Series 5 uliitwa EPOC. Ulizoea kubana matumizi ya betri, kuridhika na kumbukumbu ndogo na kutopoteza maandishi ya mtumiaji. Watengenezaji wa simu walikuwa wakitafuta mfumo wenye tabia hizohizo. Mwaka 1998 Psion ilijiunga na Nokia, Ericsson na Motorola kuunda kampuni ya Symbian, na mkuu wake wa kwanza akawa Colly Myers, mmoja wa wajenzi wa programu za Psion. EPOC ikageuka kuwa Symbian.

Kama uliwahi kuwa na Nokia 6600, N70 au N95, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, ulikuwa na damu ya Psion mkononi. Simu ndogo za tochi hazimo katika ukoo huu, kwani zilitumia mfumo mwingine mwepesi zaidi. Ila zile za kwanza zilizotuwezesha kuongeza programu tulizozitaka, kusoma barua pepe na kupanga miadi, nyingi zilikuwa za Symbian.

Psion yenyewe iliacha kutengeneza kompyuta za mfukoni kwa ajili ya watu wa kawaida mwaka 2001, ikabaki na vifaa vya bohari na viwandani. Mwaka 2012 ilinunuliwa na Motorola Solutions ya Marekani.

Neno kwa msomaji

Kifaa cha kumbukumbu ni mweka amana. Hupimwa kwa jinsi kinavyokutunzia ulichokikabidhi, na jinsi kinavyokurudishia unapokihitaji. Kwa kipimo hicho kisanduku cha mwaka 1984, chenye mstari mmoja wa maandishi, kilifaulu: kilitunza amana yake hata betri ilipokufa.

Simu zetu leo zinabeba maelfu ya picha, lakini kila siku kuna mtu anayeibiwa simu au kuiangusha kwenye maji, naye hawezi kukumbuka hata namba ya mama yake. Usingoje yakupate. Leo jioni chukua karatasi, andika namba kumi ambazo huwezi kukaa bila kuzijua, uiweke mahali pakavu nyumbani. Hiyo ndiyo Datapak yako.