Abrahamu katika Afrika ya Mashariki

Abrahamu (pia: Ibrahimu; kwa Kiebrania Avraham, kwa Kiarabu Ibrahim) ni babu wa imani anayeheshimiwa na Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Kadiri ya kitabu cha Mwanzo alitoka Uru ya Wakaldayo, katika Iraki ya leo, akakaa Harani, halafu akahamia Kanaani akiwa na umri wa miaka 75. Nje ya vitabu vya dini hakuna maandishi ya wakati wake yanayomtaja, na wataalamu wengi wanaona kwamba habari zake ziliandikwa karne nyingi baadaye.

Katika Afrika ya Mashariki jina lake husikika kila siku. Mwislamu humtaja katika kila sala, anapomswalia Mtume katika tahiyatu. Mkatoliki na Mwanglikana humtaja katika sala ya jioni, mwishoni mwa wimbo wa Bikira Maria. Hata hivyo mambo mawili ya maisha yake yamewagawa waumini wa eneo hili: tohara, na mtoto yupi alitakiwa kutolewa sadaka.

Jina

Mwanzoni aliitwa Abramu. Alipofikia miaka 99 alipewa jina Abrahamu, ambalo Biblia inalieleza kuwa "baba wa mataifa mengi". Biblia ya Kiswahili ya Union Version (1952) inamwita Ibrahimu, sawa na Waislamu. Biblia Habari Njema, iliyotafsiriwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, inatumia Abrahamu. Ndiyo sababu Ibrahimu katika daftari la mahudhurio ya shule anaweza kuwa Mwislamu, Mlutheri au Mpentekoste, wakati Abrahamu kwa kawaida ni Mkristo.

Inafaa kukumbuka kwamba tafsiri ya Biblia kwa Kiswahili ilianza na kitabu hichohicho cha Mwanzo, kazi ya Johann Ludwig Krapf huko Mombasa mwaka 1844. Sura tatu zilizochapishwa mwaka 1847 ziliishia bustani ya Edeni. Abrahamu anaingia katika sura ya 11.

Bara, habari zake zilifika kwa njia mbili. Wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani walikuwa Ujiji kabla ya katikati ya karne ya 19. Wamisionari wa Afrika (White Fathers) walipokea kituo cha Karema mwaka 1885, na kutoka huko Ukatoliki ukaenea Ufipa na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika kama Kirando na Wampembe. Wakatoliki ndio wengi mkoani Rukwa hadi leo.

Agano na tohara

Katika Mwanzo 17 tohara ni alama ya agano la Mungu na Abrahamu. Yeye alitahiriwa akiwa na miaka 99, siku moja na mwanae Ishmaeli mwenye miaka 13. Wayahudi hutahiri mtoto wa kiume siku ya nane. Waislamu hushika tohara kama sunna ya Nabii Ibrahim. Wakristo wengi hufuata hoja ya Mtume Paulo katika Waraka kwa Waroma: Abrahamu alihesabiwa haki kwa imani kabla hajatahiriwa, kwa hiyo ni baba hata wa wasiotahiriwa.

Nchini Uganda hoja hiyo haikubaki vitabuni. Kabaka Muteesa I alifuata desturi za Kiislamu kwa miaka kadhaa lakini hakutahiriwa, kwa kuwa mila haikuruhusu damu ya kabaka kumwagwa. Kizazi kimoja baadaye Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kutawala mashariki ya Uganda, alifikia uamuzi wa kinyume. Biblia nzima kwa Kiganda ilikuwa imepatikana tangu mwaka 1896, naye aliisoma mwenyewe. Alijiunga kwanza na Wamalaki, madhehebu yaliyokataa dawa za hospitali. Kadiri ya mapokeo, alipodai kwamba agizo la Abrahamu bado linadai utii, wenzake walimwambia kuwa tohara ni ya Wayahudi. Akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe.

Hivyo ilianza jumuiya ya Abayudaya karibu na Mbale. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Idi Amin alipopiga marufuku ibada zao miaka ya 1970 wengi waliacha, lakini waliobaki waliendelea, na mwaka 2008 Gershom Sizomu alipata daraja ya rabi baada ya masomo Marekani. Kwa mtazamo wa historia, kisa hiki ni cha pekee: hakuna mmisionari wa Kiyahudi aliyewaongoa, bali sura chache za Agano la Kale zilizosomwa bila ufafanuzi wa Paulo.

Mwana wa sadaka

Mwanzo 22 inamtaja Isaka kuwa ndiye aliyepelekwa kuchinjwa mlimani. Qurani (sura ya 37) inasimulia tukio hilo bila kutaja jina la mtoto. Waislamu wengi husema ni Ismail, ingawa baadhi ya wafasiri wa zamani, akiwemo al-Tabari, walimtaja Is-haka. Katika mihadhara ya dini iliyoenea Tanzania tangu miaka ya 1980 swali hilo limerudiwa sana. Upande mmoja huuliza Isaka angewezaje kuitwa "mwana wa pekee" ilhali Ishmaeli alimtangulia kwa miaka 14. Wa pili hujibu kwamba Isaka ndiye mwana wa ahadi, na kwamba Hajiri na mwanae walikuwa wamekwisha kuondoka. Kwa kweli maandiko yote mawili yanakazia utii wa baba zaidi ya jina la mtoto.

Tukio hilo hukumbukwa katika Idi ya Mfunguo Tatu (Idi el-Haj), sikukuu ya taifa nchini Tanzania. Nyama ya mnyama aliyechinjwa hugawiwa jamaa, majirani na maskini, na majirani Wakristo hawaachwi nje.

Kaburi

Abrahamu alifariki akiwa na miaka 175. Alikuwa mgeni Kanaani, na ardhi pekee ambayo Mwanzo inasema aliinunua huko ni shamba lenye pango la Makpela, Hebroni, kwa shekeli 400 za fedha, ili amzike Sara. Msomaji wa Ufipa ataona tofauti na mapokeo ya Milansi, ambako wanawake wageni, Watwaci, walipewa kigoda cha mtawala na kwa hicho wakachukua utawala.

Abrahamu alizikwa katika pango hilo na Isaka na Ishmaeli kwa pamoja. Tarehe 25 Februari 1994 mlowezi Myahudi aliwaua hapo Waislamu 29 waliokuwa wakisali, na tangu hapo jengo lililo juu ya pango limegawanywa: upande mmoja sinagogi, upande mwingine msikiti.