Wamazrui wa Mombasa: Waliishika Ngome, au mji ndio uliowashika?

Ukitoka Bondeni kwa miguu, ukakata Kuze mpaka Kibokoni kisha ukaifuata Ndia Kuu, utatokea kwenye kuta za Fort Jesus. Wengi wetu tuliingia mle na ziara ya shule. Tukapanda mizinga, tukapiga picha, tukaambiwa historia ya haraka haraka: Mreno alijenga kuanzia 1593, Mwarabu akaichukua 1698, Mwingereza akaigeuza jela mpaka 1958. Kengele ikalia, tukarudi kwenye basi.

Kuna kipande kirefu kinachorukwa hapo katikati. Kwa karibu miaka 100, Ngome ile haikuwa ya Mreno wala ya Mwingereza, na kwa sehemu kubwa haikuwa ya Oman vilevile. Ilikuwa nyumba ya ukoo mmoja, Wamazrui. Ukumbi wao bado umo mle ndani, na jina lao bado limo mitaani. Huenda ulisoma na mmoja wao darasa moja na hukuwahi kumuuliza babu zake walikuwa nani.

Swali langu ni moja tu: waliwezaje? Walitoka Oman, hawakuwa wengi, na himaya yao wenyewe iliwageuka. Kuta peke yake haziwezi kumlinda mtu karne nzima. Muulize Mreno.

Jibu linaanza na wenyeji. Mwaka 1729 watu wa Mombasa waliwatimua Wareno, waliokuwa wamerudi mwaka mmoja nyuma, kisha wakatuma ujumbe wao wenyewe Oman kuomba msaada. Mji ule ulikuwa na serikali yake kabla ya liwali yeyote kufika. Ulikuwa na Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili, yaliyogawanyika kambi mbili: Tisa Taifa upande mmoja, na Thalatha Taifa, ambao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, upande wa pili. Nyuma yao walikuwa Mijikenda wa bara, waliofungamana na mataifa haya kwa biashara na kwa vita. Liwali aliyetumwa kutoka Oman alikuwa mgeni aliyekuta nyumba ina wenyewe.

Katika miaka ya 1730 liwali huyo akawa Muhammad bin Uthman al-Mazrui. Muongo uliofuata mambo yakageuka kule Oman: ukoo wa Yaarubi ukaanguka, na Ahmad bin Said wa Busaidi akawa Imamu. Muhammad akakataa kumtii. Hoja yake ilikuwa ya kijanja, na kwa kweli ina mantiki. Ahmad naye alikuwa liwali tu wa Sohar kabla ya kujitwalia nchi. Kama liwali mmoja anaweza kuichukua Oman, kwa nini mwingine asibaki na Mombasa?

Ilimgharimu maisha. Yapata 1746 watu wa Ahmad walifika wakijifanya wakimbizi waliokosana na Imamu, wakakaribishwa ndani ya Ngome, wakamuua. Ndugu yake, Ali bin Uthman, akatiwa ndani. Hapo ndipo mji ulipoamua. Ali alipofanikiwa kutoroka, wenyeji walimuunga mkono na Ngome ikarudi mikononi mwa Wamazrui. Kuanzia siku hiyo hawakuwa tena maliwali wa mtu. Walikuwa watawala wa Mombasa kwa sababu Mombasa ilikubali.

Wasiwe malaika, lakini. Ali mwenyewe alipokwenda kuivamia Unguja miaka michache baadaye, alichomwa kisu na jamaa yake wa damu, Khalaf, na vita vikaishia hapo. Ukoo huu ulikuwa na maradhi ya kugombea kiti, na maradhi hayo hayakupona.

Hata hivyo walipanuka. Pemba ikawa chini yao, na mchele wa Pemba ndio uliolisha Mombasa. Pwani ya kaskazini na kusini ikasikia amri zao. Mji ulikuwa na sauti yake pia: Muyaka bin Haji, malenga ambaye mpaka leo anasomwa vyuoni, aliishi Mombasa wakati huo na alitunga mashairi ya siasa akiwatetea Wamazrui na kuwashambulia mahasimu wao wa Lamu. Wale wanaodhani ugomvi wa mistari ulianza na wasanii wa rap, basi.

Lamu ndiko mkosi ulikoanzia. Yapata 1812 Mombasa iliungana na Pate kuivamia Lamu, na jeshi lao likapigwa vibaya kwenye mchanga wa Shela. Lamu, kwa hofu ya kulipiziwa kisasi, ikamkimbilia Sayyid Said wa Oman. Hapo akapata mlango wa kuingilia pwani. Akaichukua Pemba mwanzoni mwa miaka ya 1820, na Mombasa ikabaki bila ghala la chakula.

Wamazrui wakatafuta mwamvuli. Manowari za Uingereza zilipokuwa zikipima pwani, walizikuta bendera ya Uingereza ikipepea Ngomeni kabla hata ya mkataba wowote. Mwezi Februari 1824 Kapteni William Owen akakubali: Wamazrui wabaki watawala, ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu, na biashara ya watumwa ikome Mombasa. Akamwacha Luteni Reitz kuwa msimamizi. Reitz hakumaliza mwaka, homa ilimuua, lakini jina lake tunalo hadi leo: Port Reitz. London yenyewe haikuutaka mpango huo, na mwaka 1826 Waingereza wakaondoka.

Sayyid Said akaja 1828. Akaweka askari wake Ngomeni, Wamazrui wakawazingira wakawatoa. Akarudi tena, akashindwa tena. Baharini alikuwa na nguvu kuliko wao, lakini madhali mji ulikuwa nyuma yao, mizinga yake haikumpa kitu.

Kisha Salim bin Ahmad akafa mwaka 1835, na wakaanza kugombea kiti. Safari hii mji ulichoka. Baadhi ya viongozi wa Thalatha Taifa wakamwita Sayyid Said wenyewe. Mwaka 1837 akaingia bila vita vya maana, na liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, akasalimu amri kwa ahadi ya amani. Muda mfupi baadaye Rashid na jamaa zake wakuu, zaidi ya ishirini, walikamatwa kwa hila, wakapakiwa chomboni na kupelekwa Bandar Abbas. Walifia kifungoni.

Hila kama hiyo si ya pwani peke yake. Huko Kroatia na Hungaria kulikuwa na ukoo wa Zrinski, nao wakipewa vyeo vya kulinda mpaka kwa niaba ya mfalme wa mbali. Petar Zrinski alipokosana na Kaisari, alikwenda Vienna mwaka 1670 akitarajia msamaha. Mwaka uliofuata alikatwa kichwa. Watawala wakubwa hawapendi walinzi wa mpaka wanaopendwa na watu wa mpakani.

Wamazrui waliosalia walikimbia, wengine Gazi, kusini, wengine Takaungu, kaskazini. Takaungu walijenga upya utajiri wao kwa mashamba ya nafaka, na tuseme wazi: mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Hili halimo kwenye hadithi za ushujaa, lakini bila hilo huwezi kuelewa ugomvi wa ardhi wa baadaye.

Mwaka 1895 Kampuni ya Waingereza ilipojipa haki ya kuchagua mrithi wa kiti cha Takaungu, pwani ikawaka. Kuna akina Mbaruk wawili hapa, usiwachanganye: mmoja ni wa Takaungu, aliyenyimwa kiti, na mwingine ni Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mzee tayari, mtoto wa yule Rashid aliyefia Bandar Abbas. Mzee huyu alipigana porini mpaka Waingereza wakaleta wanajeshi kutoka India. Aprili 1896 alivuka mpaka na wafuasi wake na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910.

Wakoloni baadaye walitunga sheria maalum iliyoweka ardhi ya Takaungu chini ya udhamini kwa niaba ya ukoo. Sheria hiyo ilifutwa 1989, na kesi zikafuata. Mmazrui atakwambia ni urithi wake. Familia zinazoishi juu ya ardhi ileile vizazi na vizazi zitakuuliza ni nani aliyeilima. Kwangu mimi, maswali yote mawili ni ya haki, na hati peke yake haiwezi kuyajibu.

Mjini, ukoo ulishika kalamu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891, alianzisha magazeti ya Sahifa na Al-Islah miaka ya 1930, akawa Kadhi Mkuu, na akaandika historia ya ukoo wake kwa Kiarabu. Alifariki 1947. Tafsiri ya Kiingereza ya historia hiyo ilichapishwa 1995. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alizaliwa Mombasa mwaka 1933 na akafundisha Makerere, kisha Marekani. Alipofariki huko Oktoba 2014, mwili ulisafirishwa nyumbani kwa wosia wake, ukazikwa kwenye makaburi ya Mazrui, hatua chache tu kutoka Ngomeni.