Duka la Vibao na Nakshi: Andika Kwanza, Chonga Baadaye

Msikiti wetu ulipokamilisha ukarabati wa mahali pa kutawadhia, kamati iliamua kuweka jiwe la marumaru ukutani, liwe kumbukumbu ya wakfu ule. Tulikwenda kwa kijana mmoja mwenye duka dogo la vibao na nakshi, tukapatana bei kwa mdomo, kisha tukamtumia maandishi kwa simu: Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, maelezo ya Kiswahili, na tarehe za Hijria na Miladia. Jiwe lilipoletwa na kufunuliwa, mzee mmoja wa kamati alilitazama kwa muda, akasema kwa sauti ya chini, "Hii haisomeki."

Herufi za Kiarabu zilikuwa zimeachana, kila moja imesimama peke yake, na maneno yamepangwa kuanzia kushoto. Programu ya kuchorea aliyoitumia fundi haikuandaliwa kwa maandishi ya Kiarabu, naye hakuwa msomaji wa lugha hiyo. "Wazee wangu, nimechora kile mlichonitumia," alisema kwa adabu. Mwenyekiti akamjibu, "Tulichokutumia kilikuwa sahihi, mwanangu." Wote wawili walisema kweli. Kilichokosekana ni karatasi ya kuonyesha nani alipaswa kukagua kabla mashine haijawashwa.

Sisi tunaoandika makala haya ndio tuliotuma ujumbe ule, na hatukuomba kuonyeshwa mfano. Kamati ilikaa, ikakubali kubeba nusu ya hasara. Nusu hiyo tulichangishana wanakamati wenyewe, kwa kuwa fedha ya wakfu haistahili kulipia uzembe wetu. Tangu siku hiyo tumekaa na fundi yule mara kadhaa kuzungumzia kazi yake, na tuliyojifunza tunayaweka hapa kwa faida ya familia zenye duka kama hilo au zinazokusudia kulifungua.

Karatasi ya mfano

Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Katika fiqhi, mkataba wa kumwagiza fundi atengeneze kitu huitwa istisnaa, na wanazuoni wanaoupitisha hushurutisha kitu hicho kibainishwe jinsi yake, kipimo chake na sifa zake. Duka la nakshi linahitaji hayo kila siku, maana rangi hufutwa na mshono hufumuliwa, lakini herufi iliyochimbwa katika jiwe au shaba hairudi.

Kwa hiyo kila kazi, hata ya kibao kidogo cha mlangoni, itanguliwe na karatasi moja. Iandikwe jina la mteja, aina ya mali, urefu na upana kwa sentimita, rangi, bei, kianzio kilicholipwa na siku ya kuchukua. Chini yake uchapwe mchoro wenyewe kama utakavyoonekana, mteja ausome na atie saini. Baada ya saini hiyo, kosa lililokuwamo katika mchoro ni la mteja. Kosa linalozuka katika uchongaji ni la fundi. Hapo ugomvi hauna mlango wa kuingilia.

Majina yanahitaji uangalifu zaidi. Yupo Abdallah na yupo Abdullah. Yupo Khadija na yupo Hadija. Na kila mmoja analijua jina lake. Fundi asiandike kwa kusikia, wala asimsahihishe mteja kwa mazoea yake. Aombe kuona kitambulisho au cheti, kisha alisome jina herufi kwa herufi, kutoka mwisho kwenda mwanzo, kwani jicho linapofuata maana huruka kosa. Maandishi ya Kiarabu yatayarishwe katika programu inayounga herufi zake, yageuzwe kuwa mchoro ndipo yatumwe, na yakaguliwe na msomaji baada ya kuingia katika mashine ya fundi, si kabla tu.

Hesabu ya kibao kimoja

Mafundi wengi hupanga bei kwa kumtazama jirani. Tuchukue mfano wa kibao ambacho mali yake ni shilingi 12,000, rangi na gundi 3,000, umeme na uchakavu wa mashine 4,000, kazi ya saa mbili 8,000, na sehemu ya kodi ya pango 3,000. Jumla ni 30,000. Akikiuza kwa 35,000, faida ni 5,000. Mteja akimbembeleza hadi 28,000, fundi ametoa sadaka ya 2,000 pasina kunuia.

Na kibao hicho kikikosewa na kurudiwa kwa gharama ya duka, zimepotea 30,000, yaani faida ya vibao sita. Dakika kumi za kukagua mchoro ndizo zinazolinda kazi ya wiki nzima. Kianzio nacho kisipungue gharama ya mali, ili mteja asiporudi fundi asibaki na kibao chenye jina la mtu asiyeweza kumuuzia mwingine.

Mashine na pumzi

Mwenye kununua mashine ya leza aulize kwanza itachora nini. Leza ya CO2 hukata akriliki na mbao vizuri, lakini haichori metali tupu. Huko huhitajika leza ya faiba. Juu ya graniti nyeusi huacha alama nyeupe inayosomeka, ilhali juu ya marumaru nyeupe alama hiyo huhitaji kujazwa rangi.

Plastiki ya PVC isiwekwe kamwe chini ya leza. Ikiungua hutoa gesi ya asidi yenye klorini, inayodhuru mapafu na kula vyuma vya mashine. Mali isiyojulikana asili yake isikatwe. Vumbi la graniti nalo lina silika, ambayo huharibu mapafu polepole bila kurudi nyuma. Jiwe likatwe kwa maji, fundi avae barakoa ya vumbi, na watoto wasichezee hapo.

Mihuri

Mlango huu una mtihani wake. Mtu akileta alama ya muhuri wa shule, hospitali au ofisi ya serikali akitaka unaofanana nao, fundi adai barua ya taasisi yenye saini, kisha apige simu kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye barua. Kughushi ni jinai, na cheti cha uongo kitakachogongwa muhuri ule kitamdhulumu mtu asiyemfahamu. Nakala ya barua na kitambulisho ihifadhiwe pamoja na karatasi ya kazi.

Nyumba na duka

Duka la namna hii hufa zaidi kwa droo ya fedha kuliko kwa ukosefu wa wateja. Fundi ajipangie posho ya wiki, na iliyobaki isiguswe kwa mboga wala ada ya shule. Mke akishika daftari la mapato na matumizi, huwa rahisi kuona mwezi ambao familia imekula mtaji. Watoto nao wana nafasi, kama tulivyojionea wenyewe.

Jiwe la pili lilipokuwa tayari kuchongwa, kijana yule alikuja msikitini na mchoro mkononi baada ya Alasiri. Mwenyekiti aliusoma akaridhika, nasi tukaridhika. Binti mmoja wa madrasa aliyekuwa akipita na msahafu wake aliinamia karatasi, akasema, "Ustadhi, nuni ya Rahmani haina nukta." Tulitazama, na kweli haikuwapo. Fundi aliirejesha, mwenyekiti akatia saini, ndipo mashine ikawashwa.